Skrini janja ya sebuleni na matangazo yake: nilichoweza kuzima na kilichonishinda

Niseme mapema, kwa sababu wengine mnasoma mkiwa dukani na pesa mkononi: skrini hii ni nzuri kwa simu za video, inafaa sana jikoni, na inakera kwa jambo moja kubwa, matangazo ya biashara ambayo hukuyaomba. Nimehangaika nayo vya kutosha. Matangazo yamepungua sana. Kuisha hayajaisha, na kwa jinsi kifaa kilivyotengenezwa sidhani kama yataisha.

Ni ile skrini ya kuweka mezani, ya inchi nane, yenye spika na kamera, inayotumia waifai. Unapiga nayo simu ya video, inakuonyesha saa na hali ya hewa, inapitisha picha za familia, inacheza kaswida na muziki, inakupimia muda wa mapishi. Jina la kampuni siliweki, maana tabia hii imeshaenea kwa wengi na haya ninayoeleza yatakusaidia hata kama ya kwako ina nembo nyingine. Yangu ilitoka kwa muuzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, ikaja Mtwara kwa basi, na pamoja na nauli ya mzigo ilinigharimu zaidi kidogo ya laki tatu. Kwenye boksi kuna picha ya familia inacheka mbele ya skrini yenye picha ya mtoto mchanga. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kifaa kitakuonyesha matangazo. Nimelisoma boksi lile pande zote sita.

Ninaishi Chuno na mama yangu. Kazi yangu ni kupikia shughuli: harusi, maulidi, hitima, vikao vya ofisi. Mikono yangu mara nyingi ina unga au mafuta, kwa hiyo kitu kinachopima muda bila mimi kushika simu ni msaada wa kweli. Sufuria ya pilau ina muda wake, pweza wa kutoka Feri ana muda wake, maandazi yana muda wake, na skrini inavihesabu vyote kwa wakati mmoja na kuviandika kwa herufi kubwa ninazoziona nikiwa mlangoni. Haielewi Kiswahili, hilo ujue. Ukitaka ikusikie uiambie kwa Kiingereza, la sivyo uguse. Mimi nimezoea kugusa kwa kiwiko.

Lakini sababu kubwa ya kuinunua ni mama. Macho yake yameanza ukungu wa mtoto wa jicho, simu ya mkononi kwake ni ndogo mno, na wajukuu wamesambaa: wengine Dar, wengine Masasi, mmoja Muscat. Kwenye skrini hii mtoto anapiga, sura inajaa, mama anaiona. Hata asiyejua kutumia simu anapokea, maana ni kugusa duara moja kubwa la kijani. Sauti ni safi. Kwa upande huo sina la kulalamika, na kama kampuni ingeishia hapo ningeandika mistari mitatu ya sifa nikaenda zangu.

Tatizo ni pale simu inapokatwa na skrini kurudi kwenye uso wake wa kawaida. Uso ule haukai na kitu kimoja. Inakuja picha ya mjukuu, inafuata hali ya hewa, inafuata picha ya harusi ya mdogo wangu, halafu inakuja mashine ya kutengeneza kahawa. Halafu huduma ya muziki ya kulipia kwa mwezi. Halafu mtoto tena. Halafu fagio la umeme. Vinapita kwa ukubwa uleule, kwa mwendo uleule, na alama ya kwamba hili ni tangazo ni neno dogo pembeni ambalo mimi mwenye macho mazima nalitafuta. Ukigusa ile mashine ya kahawa ili uone bei, unaambiwa haiuzwi katika eneo lako. Sasa inatangazwa kwa nani?

Jioni moja nilikuwa nakaanga vitunguu nikamsikia mama anazungumza sebuleni. "Marahaba mwanangu. Hujambo? Mama yako yuko wapi?" Akanyamaza kidogo, akarudia, "Hujambo?" Nikajua simu imeingia, nikafuta mikono nikaenda kusalimia. Kwenye skrini alikuwapo binti aliyesukwa vizuri, anatabasamu, ameshika kikombe. Mama amesogeza kiti mpaka karibu na meza, ameinamisha kichwa upande anaosikia vizuri, anasubiri ajibiwe. Akaniuliza, "Huyu ni mtoto wa nani? Mbona hasemi?"

Nikamwambia ni tangazo, mama.

"Tangazo limeingiaje kwenye picha za watoto?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo nadhani ni swali ambalo waliotengeneza kifaa hiki wanapaswa kulijibu wao. Tangu jioni ile, kila sura mpya inapopita ananiuliza kwanza, "Huyu wetu?" Mzee ambaye alikuwa anafurahia picha za wajukuu wake sasa anazitilia shaka. Nimeumia kwa hilo kuliko pesa niliyotoa.

Kingine ni Ramadhani. Saa ya kuandaa futari, nyumba nzima imefunga, skrini inatuletea pendekezo la mapishi: mbavu za nguruwe, zinang'aa kwa mchuzi, zimejaa kioo kizima. Kifaa hichohicho kilikuwa kinatukumbusha saa ya Magharibi kwa sababu nilikiwekea. Najua hakikukusudia kututukana. Ila kitu kinachowekwa sebuleni kwa watu, mahali ambapo mgeni anakaribishwa na mzee anaswali, hakitakiwi kuchaguliwa maudhui na mtu wa mbali asiyejua nyumba ile ni ya nani. Na matangazo mengine ni ya video, yanakula bando langu mimi.

Hili si jambo la kampuni moja, na wala si la juzi. Amazon tangu 2011 wamekuwa wakiuza kisomeo chao cha vitabu, Kindle, kwa bei pungufu kidogo kikiwa na matangazo, na kwa miaka mingi ukiongeza dola 20 yanaondolewa. Mimi huo nauona ni uungwana: unaambiwa kabla, unachagua, unalipa, yanatoka. Upande wa pili kuna Vizio, watengenezaji wa televisheni wa Marekani, ambao mwaka 2017 walikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya serikali kuwashtaki kwamba televisheni zao, milioni 11 kwa idadi, zilikuwa zinarekodi watu wanatazama nini bila ridhaa yao. Na mwaka 2025 Samsung wakaanza kuweka matangazo kwenye skrini za baadhi ya friji zao huko Marekani, kwa njia ya sasisho la programu, wakati friji zimeshanunuliwa na ziko majikoni mwa watu. Friji! Ndiyo maana nasema usidhani kwamba skrini isiyokuwa na matangazo siku ya kuinunua itabaki hivyo.

Sasa nieleze nilichofanya, maana hiki ndicho wengi mnakitafuta.

Anza na mipangilio ya kifaa chenyewe. Telezesha kidole kutoka juu, gusa alama ya gurudumu lenye meno, tafuta sehemu inayohusu vitu vinavyoonekana kwenye uso wa mwanzo. Humo utakuta orodha ndefu ya swichi: habari, michezo, mapishi, mapendekezo ya manunuzi, mapendekezo ya muziki, vidokezo vya namna ya kutumia kifaa. Zima zote isipokuwa picha, saa na hali ya hewa. Usidanganywe na majina, kwa sababu hakuna swichi inayoitwa matangazo. Yamegawanywa humo ndani kwa majina ya upole: mapendekezo, gundua, vidokezo. Hivyo "vidokezo" usiviache, nusu yake ni kukuuzia huduma. Ukimaliza, ingia kwenye programu ya kifaa iliyo kwenye simu yako, maana kuna mipangilio mingine iko kule tu, ikiwemo ile inayoruhusu kampuni kutumia taarifa zako kukuchagulia matangazo. Hiyo zima. Haipunguzi idadi ya matangazo, inapunguza kile wanachokujua, na hilo nalo lina maana.

Hatua hiyo peke yake ilileta nafuu kubwa. Mbavu za nguruwe hazijarudi. Lakini mashine ya kahawa ilibaki. Tena kifaa kilipojisasisha usiku, swichi mbili nilizozizima nilizikuta zimejiwasha. Kwa hiyo kila kinapojisasisha, rudi ukakague.

Kuna ujanja ambao watu wanaelekezana, nami nimeujaribu. Ule wa kuifanya skrini iwe fremu ya picha tu unafanya kazi vizuri sana, kwa saa chache. Baadaye inarudi yenyewe kwenye uso wa kawaida na lazima mtu aiamrishe tena. Mama hawezi, na mimi nikiwa kwenye shughuli Mikindani au Naliendele sipo nyumbani kutwa nzima. Wa kuiweka kama kifaa cha mtoto unaondoa matangazo na kuondoa simu pia, sasa faida iko wapi. Wa kubadilisha nchi kwenye akaunti ulipunguza kweli, ila ukaniharibia saa na hali ya hewa. Mimi napika nje kwenye turubai, masika ikifika nataka kujua mvua ya Mtwara, siyo ya mji mwingine.

Hapo ndipo nikamwita fundi, kijana anayefunga intaneti majumbani. Nimpe sifa zake hapahapa: alikuja kwa muda alioahidi, alivua viatu mlangoni, alimsalimia mama kwanza, na alinieleza kila anachofanya kabla ya kukifanya. "Mama, kwenye skrini yenyewe umeshamaliza," akaniambia. "Sasa tuhamie kwenye ruta." Yaani kile kisanduku kinachotugawia waifai.

Alivyonieleza, kila tangazo linaletwa na kompyuta fulani iliyo mbali, na kompyuta hiyo ina jina. Kifaa hakiwezi kuifikia kwa jina. Kinauliza kwanza namba yake, kama mtu anayefungua daftari la namba za simu kabla ya kupiga. Daftari hilo linaitwa DNS, mpango uliobuniwa na Paul Mockapetris huko Marekani mwaka 1983. Kwa kawaida ruta yako inatumia daftari la kampuni ya simu, ambalo lina majina yote. Lakini yapo ya bure ambayo majina ya matangazo na ya ufuatiliaji yamefutwa. Kifaa kikiuliza, kinaambiwa hakuna kitu kama hicho, tangazo halifiki.

Kabla ya kubadilisha chochote alitaka nione. Akaweka kompyuta yake mpakato kwenye meza ya kulia chakula, akawasha programu ya bure iitwayo Pi-hole, akaielekeza skrini yetu ipitie hapo. Ikatokea orodha. Mama alikuwa amelala, skrini haijaguswa na mtu, haichezi kitu, inaonyesha saa tu. Orodha inashuka. Mstari wa kijani, mstari wa kijani, mstari mwekundu, mwekundu tena. Kila mstari ni jina la kompyuta ambayo skrini yetu inaitafuta wakati huo, na nyekundu ni zile zilizomo kwenye orodha ya matangazo na ufuatiliaji. Nilivuta kiti nikakaa. Tulinyamaza wote wawili tunatazama majina yanavyoshuka. Nikamuuliza, "Usiku pia iko hivi?" Akasema, "Usiku kucha, mama."

Kama unataka kujua kwa nini nalichukulia jambo hili kwa uzito, ni kwa sababu ya orodha ile. Kabla ya kuiona nilifikiri matangazo ni picha zinazopita. Kumbe kuna mazungumzo yanaendelea ndani ya nyumba yangu, kwa umeme wangu na bando langu, na mimi siyasikii.

Pi-hole yenyewe hatukuibakiza. Inataka kompyuta ndogo inayowaka muda wote, na ikizimika nyumba nzima inakosa intaneti, kwa sababu vifaa vyote vinaitegemea kupata namba. Kwa umeme wetu huku, ambao unaweza kukatika katikati ya alasiri ukarudi kwa kuruka, sikutaka kitu kingine cha kuwashwa upya kila mara. Badala yake fundi akaingia kwenye ukurasa wa ruta, akafuta namba za DNS zilizokuwamo, akaandika za AdGuard: 94.140.14.14, na ya akiba 94.140.15.15. Ni bure, hakuna kujisajili. Akaiwasha ruta upya. Alinitoza elfu ishirini, na niliona ni haki.

Matokeo. Matangazo yaliyokuwa yanaletwa na kampuni za nje, mengi yalikuwa ya video, yamekwisha. Simu zetu nazo zimenufaika, maana zinatumia waifai hiyohiyo: magazeti ya mtandaoni yanafunguka haraka, na yale madirisha yanayoruka usoni hayapo. Bando linakaa zaidi. Mpwa wangu alilalamika kwamba kuna mchezo unampa zawadi akitazama tangazo na sasa haumpi. Nikamwambia acheze bila zawadi.

Lakini matangazo ya kampuni yenyewe iliyotengeneza skrini, ya huduma zake na bidhaa zake, yale yamebaki. Fundi alinionyesha sababu. Yanatoka kwenye kompyuta zilezile zinazoleta picha za familia na simu za video. Alijaribu kulizuia jina moja, mashine ya kahawa ikatoweka, na wajukuu wakatoweka nayo. Skrini ikabaki nyeusi na ujumbe kwamba haina mtandao. Akaliachia. Hapo hakuna cha mipangilio wala cha fundi. Ni uamuzi wa kampuni, umejengwa makusudi ndani ya kifaa, na hiki ndicho ninachowalaumu nacho. Niko tayari kulipa nyongeza yaondolewe. Nimetafuta mahali pa kulipa, hapapo.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Nikajibiwa kwa heshima kwamba yale ni maudhui ya kumsaidia mteja kugundua mambo mapya, na nikaelekezwa kwenye swichi ambazo nilikuwa nimeshazizima. Niliandika tena nikiwaeleza habari ya mama. Jibu likawa lilelile, hata koma hazikuhama.

Hapa kwetu tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ndani yake mwananchi anayo haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Tume ya kusimamia sheria hiyo ipo na inapokea malalamiko. Wauzaji wetu wanaoingiza vifaa hivi wangeanza na jambo dogo: karatasi kwenye boksi, kwa Kiswahili, kwamba kifaa hiki kinaonyesha matangazo. Mimi ningeisoma na ningeamua.

Mwisho nilimnunulia mama fremu ya picha ya kidijitali, ya kawaida kabisa, isiyo na waifai. Inachukua kadi ya kumbukumbu. Picha mpya namwekea mwenyewe kila mwezi kutoka kwenye simu, nikizipanga kwa familia: wa Masasi pamoja, wa Dar pamoja. Imekaa sebuleni pale ilipokuwa skrini. Skrini imehamia jikoni, inanihesabia muda wa pilau, na simu ya video ikiingia naibeba namletea mama. Mashine ya kahawa ikipita jikoni hainisumbui, mikono iko kwenye unga.

Alama zangu: simu za video 5 kati ya 5. Matumizi ya jikoni 4, kwa sababu ya Kiswahili. Kama skrini ya picha za familia kwa mzee, 1. Fundi, 5.

Kama umeamua kununua, muulize muuzaji aiwashe mbele yako na aiache kwenye uso wa kawaida dakika kumi bila kuigusa, utaona mwenyewe kinachopita. Ukishaileta nyumbani, angalia ruta yako kabla ya kumwita fundi. Hizi ndogo za laini zinazouzwa bei nafuu baadhi hazikubali kubadilishiwa DNS. Ya mdogo wangu ilikataa, ikabidi anunue nyingine. Na kuna vifaa ambavyo vimekuja na namba zake za DNS ndani, haviulizi ruta. Hivyo vinahitaji ruta inayoweza kuvilazimisha, kwa hiyo mweleze fundi mapema una kifaa gani ili asije mikono mitupu.